Manowari ya Mama Kokushubira

Mama mkwe wangu aliliona ziwa mara moja tu maishani mwake, akiwa amekaa nyuma ya lori la kahawa lililokuwa likienda Bukoba, na alipoliona alifumba macho kwa sababu maji mengi namna ile yalimtia kizunguzungu. Huyo ndiye mwanamke aliyeusumbua ukoo mzima wa mume wangu kwa habari za manowari. Kwa karibu miaka kumi, hapa Mabira, ukimtajia mwanawe alikujibu kwa neno hilo moja, akalitamka kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya swali la pili.

Jina lake lilikuwa Kokushubira. Alizaliwa Kituntu, akaolewa huku kwetu akiwa bado msichana, akafiwa na mume mapema. Siku ya kuondoa matanga wazee wa ukoo walimkabidhi kwa mdogo wa marehemu, pamoja na mkuki na mbuzi. Alinisimulia jambo hilo mara moja tu, huku akichambua maharage, bila kuinua uso. "Walinitaja baada ya mbuzi," alisema. Kisha akaendelea kuchambua.

Kilichomwokoa asifukuzwe kwenye kibanja ni kwamba alikuwa na mtoto wa kiume, Ildefonsi. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na kwa desturi ya huku ni mali ya ukoo. Humfuata mtoto wa kiume, na mwanamke hukaa humo kwa jina la mume au la mwana. Asiye na mmoja wa hao huombwa kwa heshima aondoke, na asipoelewa heshima huelezwa kwa njia nyingine.

Ildefonsi ndiye aliyenioa, mwaka 1976. Mimi naitwa Jovitha, mtu wa Igurwa. Tangu utotoni nilikuwa na mdomo na bado ninao, kwa hiyo nitasema mambo kama nilivyoyaona.

Alipokuja kuposa alikuwa tayari askari. Baba yangu alikuwa amepelekwa Burma kwenye vita vya Wazungu, na tangu arudi hakuna kitu cha jeshi ambacho hakukijua, au angalau hakuna alichokubali kwamba hakijui. Akamuuliza kijana yuko kikosi gani. Ildefonsi akasema ni mwanamaji.

"Mwanamaji wa kwenye nini?" baba akauliza.

Nilikuwa nyuma ya mlango, nikamwona Ildefonsi akimeza mate. "Kwenye manowari, mzee wangu."

Baba alipiga paja. Akawaeleza wote waliokuwepo kwamba meli yao ya kwenda Burma ilisindikizwa na manowari, chuma kitupu, ndefu kama kutoka kanisani hadi sokoni, na mizinga yake ikinguruma unashika tumbo. Kwa furaha ile akasamehe mbuzi wawili kwenye mahari. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, na kuanzia siku hiyo mchumba wangu akawa Bwana Manowari, Igurwa na Mabira pia. Na mimi, nisiwe mnafiki, nilitembea nikiwa nimeinua shingo.

Alikuja likizo ya mwisho katikati ya mwaka 1978, binti yetu Placidia akiwa hajaanza kutembea. Jioni majirani walijaa uani kumsikiliza. Aliwaambia juu ya vitanda vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, juu ya jiko la chuma linaloweza kupikia kijiji, juu ya wiki nzima bila kuona nchi kavu. Kaka yake, Mutalemwa, mtoto wa mke mwenza wa mama mkwe wangu, alisikiliza kwa wivu ambao hata mbuzi waliuona. Mama Kokushubira alikaa pembeni akivuta kiko chake. Siku mbili kabla ya kuondoka, Ildefonsi alikwenda na mama yake kukata nyasi za kutandaza shambani, wakashinda huko, wao wawili tu. Waliporudi macho ya mume wangu yalikuwa mekundu. Nilidhani ni vumbi la nyasi.

Vita na Uganda vikaanza mwaka uleule. Daraja la Kyaka likavunjwa, sisi wa Karagwe tukabaki tumetenganishwa na wenzetu, tukawa tunalala na redio masikioni. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mchana wa mvua, askari wawili walitembea kwa miguu hadi kwetu baada ya Landrova yao kukwama kwenye tope. Walikuwa vijana wadogo. Mmoja alivua kofia kabla ya kusema lolote.

"Shikamoo mama," wakamwambia mama mkwe.

"Marahaba. Semeni."

Yule aliyevua kofia akasema kwamba boti moja ya doria ilitoka jioni kukagua visiwa, ikakutwa na dhoruba ziwani, na haikurudi. Vipande vyake vilionekana. Watu wake hawajaonekana. Ildefonsi alikuwa mmoja wao.

Nilifungua mdomo ili nilie. Mama Kokushubira akanishika mkono juu ya kiwiko, akanibana mpaka nikasikia mfupa, halafu akamgeukia yule kijana.

"Boti?" akasema. "Mmekosea nyumba. Mwanangu hayuko kwenye boti. Mwanangu yuko kwenye manowari."

Vijana wakatazamana. Yule wa pili akaanza kueleza kwamba jina ni hilohilo na kijiji ni hikihiki.

"Majina yanafanana," akamkata. "Mtu wa manowari hapandi boti. Waulizeni wakubwa wenu vizuri. Mmekula?"

Hawakuwa wamekula. Akawapa ndizi na maharage, wakala kwa haraka kwa sababu walikuwa na nyumba nyingine za kwenda, wakaondoka. Neno walilotuachia lilikuwa kwamba amepotea, hajaonekana. Na ndani ya neno hilo mama mkwe wangu akajenga.

Sasa nieleze desturi, maana bila hiyo hutaelewa alivyowaweza wanaume wale. Katika ukoo wa mume wangu, mtu akifa mbali na mwili wake usirudi, huzikwa mgomba badala yake. Shina hukatwa kimo cha mtu, huvikwa shuka, hulazwa kaburini, na watu hulia kama wanavyolia maiti. Kisha mjane na wenye uchungu hunyolewa nywele, na siku ya kuondoa matanga hutajwa mrithi. Lakini shina lile lazima likatwe na aliyemzaa marehemu, kama yuko hai. Akikata mwingine, wanaamini wamemzika mtu aliye hai, na wanaogopa jambo hilo kuliko polisi.

Mkuu wa ukoo alikuwa Ta Rwegoshora, Ta ni kama kusema Baba, mzee mpole mwenye kikohozi. Alikuja na Mutalemwa, wakakaa, wakapewa rubisi, wakazunguka na maneno ya mvua na kahawa mpaka wakafika.

"Ma Kokushubira," akasema mzee, "mtoto apumzike. Mgomba ukatwe."

"Mgomba wa nani, Ta?"

"Wa Ildefonsi. Wale askari walisema."

"Walisema boti. Boti ikizama, wanalia wenye boti. Nani hapa amewahi kusikia manowari imezama kwa upepo? Baba yake Jovitha alikwenda Burma juu ya maji, muulizeni."

Wakaenda kweli Igurwa kumuuliza. Na baba yangu, Mungu amrehemu, akavimba kifua akasema manowari haizamishwi na upepo, labda mizinga. Wakarudi wamenywea. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua chombo chochote cha majini zaidi ya mtumbwi wa kuvukia mto Kagera, wangembishia vipi?

Wiki ileile mama mkwe wangu alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akaomba kipande cha rweya. Rweya ni ule uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, ardhi nyekundu yenye changarawe, ambayo ukoo hauna habari nayo, kijiji ndicho kilichokuwa kikiigawa. Na hakuomba kwa jina lake. Aliomba kwa jina langu. Mwenyekiti alicheka. "Mna kibanja kinachotoa mikungu minene," akasema, "mnataka kwenda kulima mawe?" Akatupa pembe moja iliyokuwa ikichezewa na upepo tu.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Kugeuza rweya iwe kibanja ni kazi ya kumzeesha mtu. Unachimba mashimo, unayajaza samadi, unapanda chipukizi, unakata nyasi upande wa mbali na kuzibeba kichwani, unatandaza, zinaoza, unabeba nyingine. Mwaka wa kwanza migomba inatoka myembamba kama vijiti vya maharage. Mwaka wa pili nusu inakufa. Tulikuwa tukipata samadi kwa Fidele, jirani aliyetoka Rwanda miaka ya sitini akawa anachunga ng'ombe wa watu, na mara nyingi yeye mwenyewe alitubebea kwa kutuonea huruma. Nilitoka kwenye kibanja kizuri chenye kivuli, ndizi zinaanguka zenyewe, kwenda kupigana na changarawe juani, na kila nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwa, "Leta jembe."

Nilimchukia. Nasema wazi, kuna miaka nilimchukia kabisa. Nilijua moyoni mwangu kwamba mume wangu amekufa. Nilikuwa nikiota amelowa. Nilitaka kunyolewa, nilitaka kulala chini na kupiga kelele mpaka koo likauke, nilitaka wanawake wenzangu waje wanishike kama wanavyoshikwa wengine. Lakini nilikuwa mke wa mtu aliye hai. Harusini sikuthubutu kucheza sana, matangani sikuthubutu kulia sana. Placidia alirudi shuleni siku moja akaniambia watoto wanamwita Binti Manowari. Wao walicheka, yeye alilia.

Mama Kokushubira naye akazidi. Krismasi alimtengea mwanawe sahani. Akipita mgeni yeyote aliyetoka Mwanza, hata kama ni muuza vitenge, alimwuliza kwa sauti kubwa, "Manowari zimerudi?" Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye sana ndipo nilipokumbuka kwamba swali hilo hakuwahi kuliuliza isipokuwa Mutalemwa au watu wake wawe karibu.

Mara moja nilimlipukia. Tulikuwa rweya, mvua imegoma, migomba imenyauka. Nikatupa mzigo wa nyasi nikamwambia, "Mama, amekufa! Kila mtu anajua amekufa! Kuku wanajua! Wewe peke yako ndiye unayetuzuia!"

Alifungua mdomo, nikafikiri sasa atasema. Akainama akaokota nyasi nilizotupa, akazipanga vizuri kuzunguka shina. "Hii ikifika msimu ujao itashika," akasema.

Ilishika. Polepole, kwa ukaidi wake, ardhi ile ilianza kuwa nyeusi. Migomba ikanenepa, tukapanda mibuni ya kahawa katikati. Mwaka 1987 mwenyekiti alikuja mwenyewe kupanda mlamula, ile mimea ya mipaka, kwenye pembe zote nne, mbele ya mashahidi. Kisha mama mkwe akamwita Fidele ajenge kibanda cha kulinda ndizi dhidi ya wezi. Nikamtania Fidele, kibanda gani cha ulinzi chenye vyumba viwili na jiko? Akacheka, akasema anafuata amri.

Mwaka uliofuata Mutalemwa alimpata mtu aliyekuwa akimtafuta. Alikutana naye gulioni Kayanga: Gaspari, mwenyeji wa Kituntu, fundi wa mitambo aliyestaafu jeshi la wanamaji, mtu mnene, mtaratibu, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya kuungua. Akaletwa kwetu Jumapili baada ya misa. Ta Rwegoshora akaja, wazee wengine wakaja, viti vikatolewa uani. Nilijua mara moja ameletwa kwa kazi gani. Niliogopa na kutamani pia, nikajiambia leo angalau litaisha.

"Shikamoo mama," Gaspari akasema. "Nilikuwa na Ildefonsi Mwanza."

"Marahaba baba. Kwenye manowari?"

Gaspari akatazama chini. "Hapana, mama. Pale ziwani hatukuwa na manowari."

Mutalemwa akamwambia aeleze, aeleze vizuri, watu wote wasikie.

"Manowari ni meli ya vita," Gaspari akasema. "Imeundwa kwa kupigana na meli nyingine, kwenye bahari kubwa. Wanakaa humo watu mia, mia mbili, wanalala humo, wanapika humo, mwezi mzima hawajakanyaga nchi kavu. Dhoruba haiisumbui sana. Sisi tulikuwa na boti za doria. Ni chombo cha jeshi vilevile, bendera ileile, bunduki iko mbele, na mtu wa nchi kavu akiiona anaweza kudhani ni ndugu ya manowari. Lakini ni chombo kidogo, na kazi yake si ileile. Boti ya doria haitafuti vita. Inazunguka visiwa, inasimamisha mitumbwi, inakagua mizigo, inarudi gatini. Tulikuwa watu saba."

"Inakagua mizigo gani?" Ta Rwegoshora akauliza.

"Ya magendo, mzee. Hasa kahawa."

Hapo kila mwanamume pale uani alipata kitu cha kutazama. Mmoja alitazama kiatu chake, mwingine alitazama paa. Miaka ile hakukuwa na nyumba Mabira ambayo haikuwahi kuvusha gunia la kahawa kwenda Uganda, na Mutalemwa alivusha mpaka akanunua baiskeli. Baba yangu pia, na yeye nilimjua vizuri. Nikamkumbuka Ildefonsi akimeza mate siku ya posa.

Mama Kokushubira peke yake hakuyumba. "Ilikuwa kubwa kiasi gani?" akauliza. "Hiyo boti."

Gaspari akasimama, akachukua kijiti. Akaanzia mlango wa jiko, akachora mstari kwenye vumbi mpaka mbuni wa tatu, akazunguka, akarudi. Akachora mahali pa bunduki, mahali pa injini, mahali pa usukani. Ilikuwa na upana wa chumba cha kulala. Mama mkwe akaingia ndani ya mchoro. Akatembea polepole kutoka mwisho hadi mwisho, akageuka.

"Na manowari ingefika wapi?"

"Manowari, mama, ningechora kupita kibanja chote, nivuke barabara, niingie kwa jirani."

"Mwanangu alikuwa analala wapi?"

"Tukikesha majini tulilala sakafuni. Hapo ulipokanyaga."

Akaondoa mguu wake haraka. "Wewe ulimwona akipanda?"

"Nilimpa mkono akipanda, mama. Mimi nilikuwa na homa siku hiyo, nikaachwa gatini. Ningekuwemo."

Mama mkwe akamshika yule mtu mzima kichwani kama anavyoshikwa mtoto. "Basi pole, mwanangu," akasema. Akamgeukia Ta Rwegoshora. "Nitakata mgomba. Jumamosi."

Mutalemwa hakuweza kuficha meno. Nami, badala ya kupata nafuu niliyoingoja miaka yote ile, nilipandwa na hasira. Walipoondoka nilimfuata jikoni, akakaa, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi, nami nikakaa mbele yake nikachukua kisu changu.

"Kwa hiyo dakika chache za kuchora mavumbini zimetosha," nikasema. "Mimi nilikupigia kelele kule rweya, haikutosha."

"Nilijua, Jovitha."

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni boti. Aliniambia mwenyewe, siku ile tulipokwenda kukata nyasi. Alilia. Alisema, mama, nimewadanganya wote, mimi ndiye ninayekamata watu wa kahawa, na Mutalemwa na baba mkwe wangu wakijua sitakanyaga tena nyumbani. Wale askari walipotamka boti ya doria, nilijua ni yeye, sikuhitaji wamalize."

Ndizi iliniponyoka ikaangukia majivuni. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Uso wako hauwezi kutunza kitu," akasema. "Ungelia. Mke akilia, mume amekufa. Mume akifa na wewe una binti tu, kibanja ni cha Mutalemwa na wewe ni wa Mutalemwa, mke wa tatu, au unarudi Igurwa na mtoto mgongoni. Ningekata mgomba mwaka ule, ungekwenda wapi? Rweya inataka miaka. Niliwaambia wangoje manowari, wakangoja. Sasa migomba inazaa, mlamula imepandwa, nyumba ina jiko."

Nilibaki na kisu mkononi. Jasho lote lile, nyasi zote zile, na mimi nikimlaani kimoyomoyo kila mzigo. Nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Na wewe, Mama? Ulilia lini?"

Alifuta kisu kwenye ganda la ndizi. "Nilikuwa na kazi," akasema.

Jumamosi watu walijaa. Panga mkononi, Mama Kokushubira hakuelekea kwenye kibanja. Alishika njia ya rweya, na ukoo wote ukalazimika kumfuata kwenye jua. Mutalemwa akalalamika kwamba migomba ya ndugu yake iko nyumbani. "Ildefonsi hakufia nyumbani," akamjibu, akachagua mgomba uliozaa wa kwanza, akaukata kwa mikono yake, mapigo mengi, hakukubali kusaidiwa. Ukavikwa shuka, ukabebwa mpaka kwenye kibanja, ukalazwa kaburini. Katekista akasali. Nikalia basi, nikalia kama nilivyotaka siku zote, na wanawake wakanishika. Yeye alisimama wima, macho makavu.

Ta Rwegoshora hakungoja matanga yaishe, kwa kuwa jambo lilikuwa limechelewa mno. Akatangaza palepale kwamba kibanja kimekwenda kwa Mutalemwa, na mjane pia. Nikafuta uso nikasimama.

"Kibanja nimesikia, Ta," nikasema. "Mjane ana kwake."

Mwenyekiti wa kijiji akakohoa, akasema ni kweli, shamba la rweya ni la Jovitha, limepimwa, lina mipaka, na ukoo hauna neno nalo. Mutalemwa alinitazama mimi, akamtazama mama yake wa kambo, akatazama upande wa rweya. Niliona hesabu ikimwingia kichwani polepole. Alikaa chini kwenye udongo wa kaburi.

Kilichobaki ni msalaba. Fidele alikuwa ameuchonga kwa mti wa msizi na kuchoma jina kwa chuma cha moto. Akauliza aandike nini chini ya jina, maana askari huandikiwa kazi yake.

"Andika manowari," Mutalemwa akasema kwa uchungu. "Si ndiyo wimbo wake huyu mama?"

Watu wote wakamgeukia Mama Kokushubira. Wanaume wa Mabira walikuwa pale, wavushaji wote wa kahawa, waliokuwa wakimwita mwanawe Bwana Manowari na kumnywesha rubisi. Akasogea mpaka kwenye msalaba, akaweka kidole chini ya jina ambalo hakujua kulisoma.

"Andika boti ya doria," akasema. "Mwanangu hakuwahi kupanda manowari. Alikuwa kwenye boti ndogo, inaishia mbuni wa tatu. Alilala sakafuni. Aliwaogopa ninyi kuliko alivyoogopa maji, na maji ndiyo..."

Hakumaliza. Akaanguka juu ya udongo mbichi, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Ilikuwa ya miaka yote ile kwa pamoja. Alimwita Ildefonsi kwa jina la utotoni ambalo hata mimi mkewe sikulijua. Nilijitupa nikamkumbatia, nikakaa naye kwenye udongo mpaka Fidele akamaliza kuchoma herufi.

Jioni ile aliondoka kwenye kibanja cha ukoo na kiko chake na mkeka wake, akaja kukaa nami rweya, na ndiko alikokaa mpaka alipofariki mwaka 1994. Jioni hiyohiyo katekista alikuja kutunyoa, akatukuta tumekaa kwenye magogo mlangoni, wembe uko tayari. Akauliza nani anyolewe kwanza, maana kwa desturi huanza mjane.

Nikamwambia aanze na Mama.